Namna ya kusoma rekodi ya kipa wa hoki ya barafu chuoni

Mtazamaji mgeni wa hoki ya vyuo vya Marekani huanza na idadi ya ushindi wa kipa. Anzia kwingine. Ushindi ni wa timu nzima. Kazi ya kipa huonekana kwenye michomo aliyopigiwa.

Chukua kwanza asilimia ya uokoaji: michomo iliyookolewa, gawanya kwa michomo yote iliyolenga lango. Mchomo uliogonga mwamba na kurudi uwanjani hauhesabiwi. Wamarekani huandika .920, yaani asilimia 92.

Halafu wastani wa mabao ya kufungwa: mabao mara 60 (dakika za mchezo mzima), gawanya kwa dakika alizokaa langoni. Gawanya kwa dakika, si kwa mechi, kwa kuwa makipa hubadilishwa katikati ya mchezo. Aliyefungwa mawili kwa dakika 40 ana wastani wa 3.00, si 2.00.

Kosa linalowanasa wengi ni bao la lango tupu. Timu ikiwa nyuma dakika za mwisho, kocha humtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa sita. Bao likiingia hapo, kipa hahesabiwi. Tuseme timu imelala 4-2, bao moja likiwa la lango tupu, na kipa amecheza dakika 58 akipigiwa michomo 31. Kafungwa 3, kaokoa 28: .903, na wastani ni 3.10. Ukimbebesha bao la nne unamwonea.

Ukitaka rekodi ya miaka yote ya chuo, usichukue wastani wa asilimia za misimu. Msimu wa kwanza kaokoa 176 kati ya 200 (.880), wa pili 744 kati ya 800 (.930). Ukizijumlisha na kugawanya kwa mbili utapata .905, na umekosea. Jumlisha michomo yenyewe: 920 kati ya 1,000, ambayo ni .920. Msimu aliocheza kidogo hauwezi kuwa na uzito sawa na msimu aliobeba timu.

Asilimia ya uokoaji na wastani wa mabao visomwe pamoja. Wastani mdogo wenye asilimia ya kawaida unaonyesha mabeki wazuri: kipa anapigiwa michomo michache. Vyote vikiwa bora kwa msimu mzima, huyo ni kipa hasa.

Mfano ni Ryan Miller wa Michigan State. Msimu wa 2000-01 alicheza mechi 40: .950, wastani 1.32, mechi 10 bila kufungwa. Yaani katika kila michomo 20, uliopita ni mmoja! Alitwaa tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa hoki ya vyuo, kipa wa pili kuipata baada ya Robb Stauber wa Minnesota mwaka 1988, na akaondoka chuoni na mechi 26 bila kufungwa, rekodi ya NCAA (shirikisho la michezo ya vyuo) wakati huo.

Hata hivyo, usitarajie kipa wa namna hiyo aingie langoni NHL, ligi kuu ya kulipwa, mwaka unaofuata. Buffalo, timu ya NHL, walimchagua Miller mwaka 1999, kabla hajaichezea Michigan State. Alipotoka chuoni mwaka 2002 alipitia Rochester, timu yao ya AHL, ligi iliyo chini ya NHL, na akawa kipa namba moja wa Buffalo msimu wa 2005-06. Tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa NHL, ilikuja 2010. Kwa hiyo ukimfuatilia kipa wa chuo, tazama pia takwimu zake za AHL kwa misimu miwili au mitatu. Huko wapigaji ni watu wazima, na michomo ni ya kasi zaidi.