Piano ya urithi: jinsi ya kujua umri wake na thamani yake

Ukiitwa kufungua piano kuukuu Lindi, Mikindani au Masasi, mwenye nyumba hukupokea kwa maswali mawili kwa mpigo: "Fundi, hii ni ya mwaka gani, na inauzwa shilingi ngapi?" Umri mara nyingi unausoma kwa nusu saa tu. Bei inataka subira, kwa sababu inategemea kilichosalia ndani, na hewa ya chumvi haichagui jina lililoandikwa kwa dhahabu mbele.

Hatua ya 1: Iache ilivyo

Usiipake vanishi, usisugue herufi, usimruhusu mtu akaze nyuzi. Piga picha pande zote, hata mgongo.

Hatua ya 2: Waulize wazee

Huku kusini wageni waliokuja na vyombo vya namna hii wanajulikana: wamisionari wa Kianglikana waliofika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wa Ndanda tangu 1906, wenye mashamba ya mkonge, na Waingereza wa mradi wa karanga wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940. Muulize bibi au shangazi: marehemu aliyeiacha piano aliipata kwa nani? Tafuta risiti na picha za zamani za familia. Lakini mwaka wa kufika nyumbani si mwaka wa kutengenezwa. Piano nyingine zilifika zikiwa zimeshatumika.

Hatua ya 3: Tafuta namba

Inua kifuniko cha juu, legeza vishikizo viwili vya ndani, utoe ubao wa mbele. Mulika kwa tochi ya simu. Namba ya mfululizo huwa kwenye fremu ya chuma karibu na pini (vyuma vidogo vinavyokaza nyuzi), au imegongwa kwenye mbao za juu au mgongoni. Andika kila namba unayoiona, kisha uzilinganishe na orodha za miaka za mtengenezaji. Piano ya kiwanda cha Steinway namba 100,000, kwa mfano, ni ya mwaka 1903, na namba 300,000 ni ya 1938. Namba iliyo katikati inaangukia katikati ya miaka hiyo. Tahadhari moja: jina la mbele wakati mwingine ni la duka lililouza, si la kiwanda.

Hatua ya 4: Namba isipopatikana, soma mwili

Medali ambazo kiwanda kilishinda kwenye maonyesho, zilizochorwa ndani, zina miaka. Piano haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko medali ya mwisho. Matundu ya vishikio vya mishumaa, vibao vya kupigia 85 badala ya 88, na nyuzi zilizosimama wima bila kupishana ni dalili za uzee, ingawa dalili moja peke yake haitoshi.

Angalia pia skrubu za shaba kwenye viungo. Gundi ya zamani ya wanyama hulegea kwa unyevu, kwa hiyo viwanda vingine viliimarisha kwa shaba piano za kupelekwa nchi za joto. Ukiikuta hiyo, furahi. Ilijengwa kwa ajili ya pwani kama yetu.

Hatua ya 5: Chunguza vibao vyeupe

Kila kibao kikiwa na vipande viwili vyenye mstari mwembamba kati yake, na nyuzinyuzi hafifu ndani, huenda ni pembe za ndovu. Usijaribu kwa sindano ya moto: kama ni seluloidi, yaani plastiki ya zamani, itawaka. Pembe ni nyara za serikali, na biashara yake kimataifa ilipigwa marufuku tangu 1990. Muone afisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kuuza au kusafirisha.

Hatua ya 6: Pini, hapa ndipo bei ilipo

Nyuzi zaidi ya 200 zinavuta kwa jumla ya tani 15 hadi 20, na zote zimeshikwa na pini zilizochomekwa kwenye ubao mmoja. Ubao huo ukipasuka, piano imekwisha, hata ingekuwa ya jina kubwa kama Bechstein.

Fanya ukaguzi huu wakati wa kiangazi. Mvua za Desemba hadi Aprili huvimbisha mbao na kuzibana pini, ufa ukajificha. Ndiyo maana siamini piano iliyokaguliwa mwezi wa pili. Piga noti za katikati moja moja. Kila moja ina nyuzi tatu. Piano nzima ikiwa imeshuka sauti kwa usawa, imetelekezwa tu. Lakini noti zikivurugika hapa na pale, nyuzi tatu zikigombana, pini zimelegea. Fundi mwenye spana ya piano atahakikisha: pini nzima inakataa kuzunguka, mbovu inazunguka kama mwiko kwenye uji.

Kisha tazama kutu kwenye nyuzi, felti ya nyundo iliyoliwa na nondo, na unga wa mbao chini, alama ya bungua. Mchwa hupandia mgongoni, upande wa ukuta.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Anza na bei ya piano ya aina hiyo iliyo katika hali nzuri Dar es Salaam, toa matengenezo, toa usafiri. Mfano tu: milioni 4, matengenezo milioni 1.5, lori na wabebaji laki 8. Inabaki milioni 1.7. Piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 na zaidi, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo usafiri usiuchukulie kirahisi.

Makanisa mengi sasa hununua vinanda vya umeme. Jaribu shule za muziki na hoteli, na mtumie kila mnunuzi picha ya pini pamoja na namba. Akitoa bei bila kuuliza habari za pini, mtafute mwingine.