SOMO: Ukitaka kuielewa futiboli ya vyuo Marekani, achana na mpira, mkodolee macho taiti endi

Wakuu habari za Jumamosi. Watu wananiuliza kila siku hii futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira umbo la yai na helmeti, mnaangaliaga nini hasa, mana kila sekunde tano filimbi, watu wanarundikana, wanaamka, wanajipanga upya. Nawaelewa kabisa. Mimi nipo huku Marekani, Iowa City, mwaka wa sita huu na mwaka wa kwanza nilikuwa nafuata mpira kwa macho na kila mara unanipotea, nashtukia uwanja mzima umesimama unashangilia na mimi nauliza kulikoni. Mzee mmoja tunayepiga naye shifti ya usiku ndo alinifungua, akasema kijana acha mpira, mtazame mtu mmoja tu, taiti endi, atakwambia kinachokuja kabla hakijaja. Nikajaribu, na hapo ndo nikaanza kuelewa.

HATUA YA 1: Mjue kwa kusimama kwake

Kila timu watu 11. Wanaoshambulia, tuwaite ofensi, wana nafasi nne za kusogea yadi 10, ambazo ni mita tisa na kitu. Nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo wasizidi wanne, kwa hiyo mbele wanabanana saba. Watano wa katikati ni mapande ya watu, wanavaa jezi kati ya 50 na 79, na hao pasi ya mbele hawaruhusiwi kudaka, kazi yao kuzuia tu. Sasa angalia pembeni yao, aliyebanana nao bega kwa bega, kavaa 80 na ushee au hata namba ndogo. Huyo ndo taiti endi. Anazuia kama pande na anaruhusiwa kudaka kama mawinga, yule mdakaji wa pembeni. Kwa lugha ya mpira wetu huyu ni KIRAKA, ila kiraka anayebadilishwa namba kila baada ya sekunde thelathini.

HATUA YA 2: Hesabu wako wangapi

Makocha wana namba yao ya siri ambayo sio siri: tarakimu ya kwanza ni raningi beki (yule anayepewa mpira akimbie nao) wangapi, ya pili taiti endi wangapi. Wakisema 11 ni mmoja na mmoja, 12 ni raningi beki mmoja na taiti endi wawili. Ukiona 12 kaa vizuri. Difensi, yaani timu inayojilinda, hapo inapewa mtihani mbovu, ikiingiza watu wazito taiti endi anawakimbia, ikiingiza wepesi wanapigwa mbio za katikati mpaka basi. Chuo cha Georgia walilitumia hili msimu wa 2022, walikuwa na Darnell Washington, jitu la mita mbili, na pembeni Brock Bowers mwenye miguu ya mawinga. Fainali ya Januari 9, 2023 waliwafunga chuo cha TCU 65 kwa 7, na Bowers peke yake alidaka pasi 7 za yadi 152. Taiti endi huyo jamani!

HATUA YA 3: Angalia mkono

Mkono ukiwa chini kwenye nyasi, karibu na mapande, mara nyingi anaenda kusukumana. Akisimama wima, au kasogea pembeni hatua kadhaa, anajiandaa kukimbia. Nimesema mara nyingi, mana makocha nao wanajua kwamba unaangalia.

HATUA YA 4: Hapa ndo utamu wenyewe

Kazi yake ya kwanza ni kublok, yaani kuzuia kwa kusukumana kama mapande. Mtu wa pembeni wa difensi, wale wenye kilo 120 wanaokimbia kama mwizi, taiti endi ndo anakutana nae, saa nyingine anasaidiana na pande la jirani kumsukuma halafu anamwachia na kwenda kumfuata lainibeka, mlinzi wa difensi anayesimama nyuma ya mstari wao. Hakuna takwimu ya hiyo kazi. Raningi beki anakimbia yadi 40 watu wanaimba jina lake, na aliyefungua mlango kalala chini anatoa nyasi kwenye helmeti.

Kazi ya pili kudaka, hasa katikati ya uwanja, kwotabeki, yule mrusha pasi, akibanwa anamtafuta huyu kwa sababu yuko karibu na ni mrefu.

Ya tatu ndo naipenda, kudanganya. Kwotabeki anajifanya anampa raningi beki mpira, taiti endi nae anajifanya anablok, anasukuma kidogo, moja, mbili, lainibeka wanapanda mbio kuziba, yeye anateleza nyuma yao na yuko peke yake kama mgeni aliyefika harusini mapema. Na inafanya kazi KWA SABABU mara kumi kabla ya hapo alikuwa anablok kweli. Asiyejua kublok hamdanganyi mtu.

Halafu kuna sheria inayofanya vyuoni iwe tamu zaidi. Chuo mapande wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele wakati wa pasi, kwenye ligi ya kulipwa ni yadi 1 tu. Kwa hiyo kwotabeki wa chuo anaweza kusubiri amsome lainibeka mmoja, akipanda, pasi fupi juu ya kichwa chake kwa taiti endi, akibaki, raningi beki anapewa mpira akimbie nao. Mapande yote yanasogea mbele kama mbio za kweli, we difensi utajuaje?

Hapa Iowa tunajidai kidogo, George Kittle alitoka hapa, na mwaka 2019 T.J. Hockenson na Noah Fant, taiti endi wawili wa timu moja, walichukuliwa raundi ya kwanza ya kuchagua vijana wa vyuo kwenda NFL, ligi ya kulipwa, mwaka mmoja, wa 8 na wa 20.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Mkuu, kama taiti endi anafanya yote, si wajaze taiti endi watupu mstarini?

Jibu: Swali zuri kaka. Wa mwisho tu kwenye mstari, kila upande, ndo anaruhusiwa kudaka. Mawinga akisimama nje yake kwenye mstari uleule, taiti endi kafunikwa, hadaki tena. Ndo mana utaona mawinga anarudi hatua moja nyuma na kumuuliza refa kwa mkono kama yuko sawa.

Mdau wa Mombasa: Mdogo wangu ana futi sita na nusu, hucheza basketi tu. Aweza kuwa taiti endi?

Jibu: Ndugu yangu urefu anao. Antonio Gates alicheza basketi chuo cha Kent State, futiboli ya chuo hakucheza, akaingia Chargers, timu ya NFL, mwaka 2003 na leo yuko kwenye jumba la magwiji. Ila ale, kilo 80 watamvunja.

Mdau wa Bukavu: Nimesikia kuna mmoja alianzisha mpira mwenyewe kisha akafunga. Ni kweli ao ni hadisi?

Jibu: Kweli tupu. Tyler Warren wa Penn State, 2024 dhidi ya USC. Alisimama kama senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira, akautoa nyuma, akakimbia mbele akadaka tachidauni, yaani bao. Siku hiyo alidaka 17, yadi 224. Alikuwa senta lakini ndo wa mwisho kwenye mstari, soma tena jibu la Mwanza.

Mdau wa Eldoret: Rugby ndio mchezo wa wanaume, hawa wanavaa mito.

Jibu: Sawa mkuu 😂

Mdau wa Dar: Mechi saa ngapi kwetu?

Jibu: Za mapema zinaanza saa tano asubuhi huku, kwenu saa moja jioni. Wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa mbili usiku. Za usiku wa huku lala tu dada, zinaanza kwenu usiku wa manane.