Kutoka "high" hadi "the highest": somo la kulinganisha na la maumbo ya vitenzi vya Kiingereza

Somo hili nimeliandaa kwa ajili ya wanakikundi wetu wa jioni hapa Moshi, ambao wengi wao ni wapagazi wanaotaka kuwa waongozaji wa watalii, wauzaji wa vinyago na batiki, na vijana waliomaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kukizungumza Kiingereza nje ya darasa. Nimeunganisha mambo mawili ambayo vitabu huyatenganisha, kwa sababu katika kazi yenu hayatengani hata kidogo. Mgeni akifika kwenye geti la Mlima Kilimanjaro huuliza kwanza kama njia hii ni ngumu kuliko ile na kama kileleni kuna baridi kuliko hapa. Kisha anakugeukia wewe na kutaka kujua umepanda mara ngapi, ulianza lini, na siku gani ilikuwa mbaya kuliko zote. Swali la kwanza linadai ulinganishi, na la pili linadai maumbo ya vitenzi.

Kabla ya kuanza hatua, naomba mlitazame jambo moja katika lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili kivumishi hubadilika mwanzoni, nacho hubadilika kwa kufuata ngeli: mlima mrefu, kamba ndefu, kisima kirefu. Tunapotaka kulinganisha, kivumishi hakiguswi. Tunaleta neno jingine kama "kuliko", "zaidi ya" au "kushinda". Kiingereza hufanya kinyume chake, kwani kivumishi chake hakijali ngeli wala wingi, lakini hubadilika mwishoni ili kuonyesha ngazi. Vitenzi navyo viko hivyo hivyo: sisi huweka wakati mwanzoni, katika "-li-", "-me-" na "-ta-", ilhali wao huuweka mwishoni mwa kitenzi au ndani ya irabu zake. Mtu aliyezoea kusikiliza mwanzo wa neno huupoteza mwisho wake, na kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo cha makosa yenu mengi kuliko uchache wa maneno. Basi lizoezeni sikio kungoja mpaka neno liishe.

Hatua ya kwanza: chagua kivumishi kinachofaa

Neno letu "-refu" hubeba mizigo minne ambayo Kiingereza kimeigawa. Mfereji wa Kichagga unaoteremsha maji kutoka mlimani ni "long", mgomba ulio kando yake ni "tall", kisima ni "deep", na mlima wenyewe ni "high". Neno "-fupi" nalo hugawanyika vivyo hivyo: mtu mfupi ni "short", kilima kifupi ni "low", na kisima kisichoenda chini sana ni "shallow". Ukikosea hapa, hata kanuni zote zinazofuata ukizishika barabara, sentensi yako itabaki na kasoro. Andika kwenye daftari lako vitu kumi unavyovipita kila siku kati ya nyumbani na kazini, na kando ya kila kimoja weka kivumishi chake.

Hatua ya pili: panda ngazi ya ulinganishi

Kivumishi chenye silabi moja huongezewa "-er" na kufuatwa na "than". Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Moshi uko chini ya mita 1,000, kwa hiyo tunasema "Moshi is hotter than Arusha" na "Arusha is cooler than Moshi". Mlima Kenya wenye mita 5,199 unakipita Mawenzi, kilele kimojawapo cha Kilimanjaro, chenye mita 5,149, kwa hiyo "Mount Kenya is higher than Mawenzi", ijapokuwa tofauti yenyewe ni mita 50 tu.

Kuhusu tahajia, tazama herufi za mwisho. Neno likiishia kwa irabu moja na konsonanti moja, konsonanti hiyo hurudiwa, kama "hot, hotter" na "big, bigger". Irabu zikiwa mbili, kama katika "steep", au konsonanti zikiwa mbili, kama katika "cold", hakuna kurudia: "steeper", "colder". Neno likiishia kwa "y" iliyotanguliwa na konsonanti, "y" hugeuka "i": mzigo "heavy" ukiongezwa huwa "heavier", na msimu "dry" huwa "drier".

Vivumishi virefu havibadiliki mwishoni, bali hutanguliwa na "more", kama "more difficult", "more dangerous" na "more beautiful". Vile vya silabi mbili vinasumbua kidogo, kwani vinavyoishia kwa "y" hufuata "-er", huku vingi vilivyobaki, kama "careful", "famous" na "tired", vikifuata "more".

Makosa mawili nayasikia kila wiki. La kwanza ni "Kilimanjaro is high than Meru", ambapo msemaji ametafsiri "mrefu kuliko" moja kwa moja na kukiacha kivumishi kama kilivyo. La pili ni "more higher", ambapo ameleta "zaidi" ya Kiswahili na bado akaongeza "-er". Chagua njia moja. Ukitumia "-er", "more" haina kazi tena.

Hatua ya tatu: fika kwenye upeo

Upeo ni ngazi iliyo juu kuliko zote, na hapa tunatumia "-est" au "most", na mbele yake "the", neno ambalo kwetu halipo na ndiyo maana husahaulika. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni "the highest mountain in Africa", na Meru ni "the second highest mountain in Tanzania". Angalieni kwamba mahali huletwa na "in", siyo "of", ingawa Kiswahili chetu husema "wa Afrika". Neno "of" hutumika pale unapolihesabu kundi lenyewe, kama katika "Kibo is the highest of the three peaks", kwa sababu unavihesabu Kibo, Mawenzi na Shira.

Baada ya "one of the", nomino lazima iwe ya wingi. Sema "one of the best guides", kamwe usiseme "one of the best guide", kwa maana unamchagua mmoja kutoka wengi.

Hatua ya nne: wale wasiofuata kanuni

Ni wachache, na hakuna njia ila kuwakariri: "good, better, best", "bad, worse, worst", "far, farther, farthest", "little, less, least", "much" na "many" huwa "more, most". Kumbukeni kwamba "less" ni ya vitu visivyohesabika na "fewer" ni ya vinavyohesabika, kwa hiyo tunasema "less water" lakini "fewer porters".

Hatua ya tano: maumbo matatu ya kitenzi

Kila kitenzi cha Kiingereza kina umbo la kwanza, la pili na la tatu. Vitenzi vya kawaida huongezewa "-ed" katika la pili na la tatu, na tahajia yake hufuata kanuni ileile mliyoiona kwenye vivumishi: "stop" huwa "stopped" kama "hot" inavyokuwa "hotter", na "carry" huwa "carried" kama "heavy" inavyokuwa "heavier". Mwenye kuishika kanuni moja ameshika mbili.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye matamshi. Sisi hatukuzoea kumaliza neno kwa konsonanti, kwa hiyo wengi hutamka "kukedi" na "wokedi". Mwisho huo una sauti tatu. Baada ya sauti kavu kama "k", "p", "s" na "sh" hutamkwa "t", hivyo "cooked" ni "kukt". Baada ya irabu na sauti za mtetemo hutamkwa "d", hivyo "climbed" ni "klaimd", na hiyo "b" haisikiki kabisa. Ni pale tu umbo la kwanza linapoishia kwa sauti ya "t" au "d" ndipo silabi nzima inaongezeka, kama "wanted" na "needed".

Vitenzi visivyo vya kawaida mimi nilifundishwa kwa jedwali refu lililopangwa kwa alfabeti, nikalikariri na kulisahau ndani ya muhula mmoja. Nimeona ni bora zaidi kuvipanga kwa sauti. Lipo kundi lisilobadilika kabisa: "cut, cut, cut", pamoja na "put", "shut" na "hurt". Lipo lenye umbo la pili na la tatu linalofanana: "bring, brought, brought", pamoja na "buy", "think", "teach" na "catch". Lipo linalorudi lilikoanzia: "come, came, come" na "run, ran, run". Lipo linalocheza na irabu: "begin, began, begun", "drink, drank, drunk" na "swim, swam, swum". Na lipo linalomalizika kwa "n": "speak, spoke, spoken", "break, broke, broken" na "write, wrote, written". Chukua kundi moja kwa wiki moja, ulitamke kwa sauti ukiwa njiani, na usiguse jingine mpaka la kwanza limekaa mdomoni.

Kitenzi "go, went, gone" hakina kundi kwa sababu "went" kilikuwa umbo la pili la kitenzi kingine, "wend", kikahamia hapa. Vitenzi vinavyotumika mno kila siku ndivyo vinavyoendelea kuhifadhi maumbo ya zamani, na ndiyo maana hamwezi kuvikwepa.

Hatua ya sita: "-li-" na "-me-"

Hatua hii isomeni polepole. Kwa kawaida "-li-" hulingana na umbo la pili, na "-me-" hulingana na "have" au "has" pamoja na umbo la tatu. Nilipanda ni "I climbed", nimepanda ni "I have climbed". Lakini Kiingereza kina sharti ambalo sisi hatulisimamii sana: ukitaja wakati uliokwisha, kama jana, wiki iliyopita au mwaka fulani, "have" haiingii. Kwa Kiswahili mtu anaweza kusema "nimemwona jana" na hakuna atakayeshangaa. Kwa Kiingereza lazima iwe "I saw him yesterday". Vivyo hivyo, kuhusu wapandaji wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, tunasema "Hans Meyer and Ludwig Purtscheller reached the summit in 1889", kwa kuwa mwaka umetajwa. Lakini unapoeleza uzoefu wako bila kutaja siku, sema "I have climbed this mountain twenty times".

Sharti la pili linahusu hali inayoendelea tangu zamani. Sisi husema "ninafanya kazi hapa tangu 2019", na wengi hutafsiri "I am working here since 2019". Kiingereza hudai "I have worked here since 2019", au "I have been working here since 2019".

Tena kuna "-me-" isiyokuwa "have" kabisa. Tunaposema nimechoka, amevaa kofia, amesimama getini, tunaeleza hali aliyonayo mtu sasa. Hizo ni "I am tired", "he is wearing a hat" na "he is standing at the gate". Ukimwambia mgeni "he has stood up", ataelewa kwamba mtu huyo alikuwa ameketi na ameinuka sasa hivi.

Sasa unganisheni mambo yote mawili, kwani upeo hupenda kuandamana na "have ever" na umbo la tatu: "This is the coldest night I have ever spent", "She is the strongest climber I have ever met". Tungeni sentensi tano za namna hii kuhusu maisha yenu wenyewe.

Maswali ya wanakikundi

Mpagazi wa Marangu: Shikamoo, mwalimu. Nilimwambia mgeni kwamba Kilimanjaro ni "very higher" kuliko Meru, akanisahihisha lakini sikuelewa sababu.

Marahaba. Neno "very" hukaa na kivumishi kisichopanda ngazi, yaani "very high". Kikishapanda, tumia "much" au "far" kwa tofauti kubwa, na "a little" au "slightly" kwa tofauti ndogo. Na kwa kuwa urefu unaujua, unaweza kutaja kiasi chenyewe: "Kilimanjaro is more than 1,300 metres higher than Mount Meru".

Mama muuza batiki, Arusha: Mwalimu, nitamwambiaje mteja kwamba hiki si ghali kama kile, bila kukitukana kile kingine?

Mama, swali lako ni zuri, na jibu lake ni "not as expensive as", ambalo ni laini kuliko "cheaper". Kwa Kiingereza "cheap" wakati mwingine humaanisha kitu duni, kwa hiyo sema "This one is not as expensive as that one". Ukizungumzia bei yenyewe, sema "a lower price", kwa sababu kitu ndicho kinachokuwa "cheap", ilhali bei huwa "low".

Kijana wa Soweto, Moshi: Kaka yangu mkubwa ni "bigger than me" au "older than me"?

Kama unazungumzia umri, ni "older than me". "Bigger" itaeleweka kuwa ana mwili mkubwa kukushinda. Unaweza pia kusema "my elder brother", lakini "elder" hukaa mbele ya nomino tu na haifuatwi na "than".

Mwanakikundi wa Machame: Kwa nini tusiseme "I did not went", wakati jambo lenyewe limekwisha kupita?

Kwa sababu "did" imekwisha kuubeba wakati uliopita, na kitenzi kinachoifuata hurudi umbo la kwanza: "I did not go", "Did you go?" Tazama Kiswahili chako: nilikwenda hukanushwa kuwa sikwenda, wala hatusemi "sikulikwenda". Alama ya wakati ni moja tu kwetu na kwao.

Mwongozaji mwanafunzi, Moshi: Kuna tofauti gani kati ya "has gone" na "has been"? Kwetu yote naona ni amekwenda.

"Has gone" humaanisha amekwenda na bado hajarudi, na "has been" humaanisha alifika huko na akarudi. Kwa hiyo mtu akikupigia simu kumuulizia mwenzako aliye njiani na wageni kuelekea Horombo, kambi iliyo kwenye njia ya Marangu, mjibu "He has gone to Horombo". Akisharudi Marangu, akavua viatu na kuketi kunywa chai, hapo ndipo utasema "He has been to Horombo".