Mambo ya kuzingatia kabla ya kumwekea mgonjwa wa mapafu mashine ya kupumulia kwa barakoa katika wodi ya kawaida

Wodi zetu za Mtwara na Lindi hupokea mara kwa mara wazee wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Wengi wao wamepika kwa kuni maisha yao yote, wengine wamevuta tumbaku, na wengine waliwahi kuugua kifua kikuu kilichowaachia makovu kwenye mapafu. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho unapofika, vumbi lake huwasha vifua ambavyo tayari vimechoka. Mgonjwa wa namna hii akizidiwa, shida yake si upungufu wa oksijeni peke yake, kwani misuli ya kupumulia huchoka, hewa ya ukaa hushindwa kutoka, asidi huongezeka katika damu, na mgonjwa huanza kusinzia. Mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo kupitia barakoa iliyofungwa usoni, bila kumpitishia mrija kooni, huipunguzia misuli hiyo kazi mpaka dawa zianze kusaidia.

Kwamba huduma hii inaweza kutolewa nje ya chumba cha wagonjwa mahututi ni jambo lililothibitishwa. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 236 katika wodi za kawaida za hospitali 14 nchini Uingereza. Miongoni mwa waliopata matibabu ya kawaida pekee, asilimia 20 walifia hospitalini, lakini miongoni mwa waliowekewa mashine walikuwa asilimia 10. Utafiti huohuo ulionyesha jambo la pili linalosahaulika haraka, nalo ni kwamba wagonjwa ambao pH ya damu yao (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) ilikuwa chini ya 7.30 hawakufaidika kiasi hicho wakiwa wodini. Ninawaandikia wauguzi na madaktari wenzangu wa kusini, walio na mashine na wanaoisubiri, kwa sababu naamini kwamba hatima ya mgonjwa huamuliwa zaidi na maandalizi ya wodi kuliko aina ya mashine.

Kwanza kabisa, hakikisheni kwamba mgonjwa ndiye hasa anayestahili. Kwa ugonjwa huu, mashine huanzishwa pale ambapo pH iko chini ya 7.35 na hewa ya ukaa katika damu imezidi milimita 45 za zebaki, hali ikiwa imebaki hivyo hata baada ya takriban saa moja ya matibabu sahihi, yaani dawa za kupanua njia za hewa, salbutamoli na ipratropiamu, zikivutwa kama mvuke kwa nebulaiza, prednisoloni ya kupunguza uvimbe, antibayotiki kama makohozi yamebadilika rangi, na oksijeni iliyodhibitiwa. Mgonjwa wa pumu au wa nimonia anayehema kwa kasi si mgonjwa huyu, na mafanikio ya utafiti ule hayamhusu. Picha ya kifua ipigwe mapema, kwa maana hewa iliyovuja na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua itazidi kujaa mashine ikianza kusukuma. Anayetapika mfululizo, aliyeumia au kuungua uso, au ambaye fahamu zimeshuka kiasi cha kushindwa kulinda njia yake ya hewa asifungwe barakoa bila uamuzi wa daktari mwenye uzoefu aliye karibu. Kwa kuwa kifua kikuu bado kipo miongoni mwetu, makohozi yapimwe, na mgonjwa anayeshukiwa alazwe peke yake penye madirisha wazi, chujio la bakteria likiwa limewekwa kwenye mfumo wa mirija.

Suala la oksijeni linahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndipo madhara mengi huanzia, tena kabla mashine haijatolewa stoo. Mgonjwa mwenye ugonjwa huu analengwa awe na kiwango cha asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidoleni, wala si 98. Akipewa oksijeni nyingi, hewa ya ukaa hupanda, na mtu aliyekuwa akilalamika na kuomba maji hunyamaza taratibu, ndugu wakadhani amepata nafuu na amelala. Wapo ndugu ambao kwa huruma kabisa hufungua zaidi kitasa cha mtungi usiku wakimwona baba yao anahangaika. Hawafanyi kwa ubaya, hawakuelezwa. Kwa hiyo kabla ya yote bandikeni juu ya kitanda karatasi yenye maandishi makubwa, "Oksijeni: 88 hadi 92", kisha mkae na anayemuuguza mgonjwa mumweleze kwamba kwa ugonjwa huu oksijeni ni dawa yenye kipimo, na ikizidi inadhuru.

Kipimo cha kidoleni nacho kisiaminiwe bila kuangaliwa. Piko lililokolea au rangi ya kucha inaweza kuvuruga usomaji, kadhalika vidole vyenye baridi, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipimo hivi huonyesha namba ya juu kuliko hali halisi mara nyingi zaidi kwa watu weusi. Namba ikipingana na sura ya mgonjwa, badilisheni kidole, hesabuni pumzi kwa dakika nzima, na mchukue damu ya mshipa wa ateri. Mashine ya kupima pH na gesi katika damu hiyo ikiwa mbali na wodi, sampuli isikae mezani ikisubiri mtu wa kuipeleka. Ajulikane mapema ni nani atakayeipeleka maabara. Pale ambapo vitendanishi vimekwisha, ishara zibaki kuwa mwongozo, yaani usingizi usio wa kawaida, kichwa kuuma, viganja vya moto, na mikono inayotikisika kama mbawa mgonjwa anapoinyoosha mbele. Hata hivyo, wodi isiyoweza kupata kipimo hiki kwa siku kadhaa mfululizo ijiulize kwa dhati kama mgonjwa hatakuwa salama zaidi akipelekwa mahali kinapopatikana.

Upande wa umeme na mitungi, hesabu ifanyike kwa kalamu. Mashine nyingi ndogo za barakoa hazina betri ya ndani, na umeme ukikatika barakoa iliyobana uso hugeuka kizuizi. Muuguzi wa zamu, na hata ndugu aliyeko kando ya kitanda, wafahamu kuifungua kwa mkono mmoja. Pimeni jenereta inachukua muda gani kuwaka, muweke betri ya akiba itakayotosha kuziba pengo hilo, na stabilaiza ya kukinga mashine umeme unaporudi kwa nguvu. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitumika kwa lita 5 kwa dakika humalizika kwa takriban saa 22, hivyo ulioanza saa mbili asubuhi utakwisha alfajiri, wakati ambao stoo imefungwa. Spana na geji ya akiba vikae palepale wodini.

Barakoa ichaguliwe kabla mgonjwa hajafika, kwa saizi angalau tatu, ikifunika pua na mdomo. Kama mrija wa mashine ni mmoja tu, lazima kuwe na tundu la kutolea hewa, ama kwenye barakoa yenyewe au kwenye kiungio chake. Wekeni kiganja mbele ya tundu hilo mashine ikiwa imewaka, na msikie hewa ikitoka. Isipotoka, mgonjwa atavuta tena hewa yake mwenyewe. Mzee mwenye ndevu ndefu asinyolewe bila ridhaa yake, kwani saizi kubwa kidogo mara nyingi hutosha, na uvujaji mdogo unavumilika ilimradi hewa isimpige machoni. Wekeni kipande laini cha bandeji kwenye mgongo wa pua tangu mwanzo, msingoje ngozi ichubuke.

Namna ya kuanza pia ni sehemu ya maandalizi. Mgonjwa aketi akiwa ameinuliwa mgongo, aamkiwe na kuelezwa kabla ya kuguswa usoni: "Shikamoo babu. Mashine hii itakusukumia hewa kila unapovuta pumzi. Usishindane nayo, iache ikusaidie. Ukitaka kuivua, nigonge mkono." Kisha muuguzi aishike barakoa kwa mkono wake kwa dakika kadhaa bila kufunga mikanda, mpaka mgonjwa aizoee. Shinikizo la kutoa pumzi huanzia sentimita 4 au 5 za maji, na la kuvuta huanzia 10 hadi 15, likipandishwa hatua kwa hatua ndani ya nusu saa ya kwanza kuelekea 20 au zaidi kadiri anavyovumilia. Kosa la kawaida ni kuliacha palepale lilipoanzia usiku kucha kwa sababu mgonjwa ametulia.

Miongozo ya Uingereza hushauri muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili wa aina hii katika saa 24 za mwanzo. Uwiano huo haupo katika wodi zetu, na kuunakili kwenye karatasi hakumsaidii mtu. Linalowezekana ni kumlaza mgonjwa kitanda cha kwanza mbele ya meza ya wauguzi, kuanzisha mashine mchana pale hali inaporuhusu, na kutoweka wagonjwa wawili kwa wakati mmoja mpaka timu izoee. Wodi isiyoweza kumtoa muuguzi mmoja akae kando ya kitanda saa nzima ya kwanza haijawa tayari, hata kama ina mashine tatu. Damu ipimwe tena baada ya saa moja, kisha baada ya saa nne.

Mwisho, jibu la swali gumu liandikwe mashine ikiwa bado haijawashwa: pH isipopanda ndani ya saa hizo nne, tutafanya nini? Huenda jibu likawa kumhamishia chumba cha wagonjwa mahututi, au kumpeleka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na kwa aliyelazwa Masasi hiyo ni safari ya takriban kilomita 200 inayohitaji gari lenye mitungi ya kutosha na muuguzi ndani yake. Kwa mwingine, ambaye mapafu yake yamefika mwisho na ambaye amekwisha kusema hataki mrija kooni, mashine ya barakoa ndiyo itakuwa kikomo, na baada yake ni kumwondolea tabu. Mgonjwa aulizwe yeye kwanza akiwa bado anaweza kujibu. Familia nayo iitwe, na katika nyumba nyingi za Kimakonde na Kimwera maana yake ni kumngojea au kumpigia simu mjomba, ambaye neno lake lina uzito. Uamuzi uandikwe kwenye faili pamoja na saa, jina la daktari na namba ya simu ya atakayepigiwa usiku, na muuguzi anayeingia zamu asomewe maneno hayo kitandani kabla anayetoka hajaondoka.