Somo: Kuusoma upinde kabla ya kuuvuta

Wanachama wenzangu, habari za Uyole. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea upinde ndani ya salfeti ya mbolea. Kaununua kwa mtu aliyekuwa anahama, anataka kujua kama ni mzima. Kabla sijausogeza kwenye mwanga, yeye alishauvuta bila mshale na kuuachia. Paa! Nilimshika mkono. Upinde ukiachiwa mtupu, nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi yote kwenye mabawa na ugwe. Kuna mabawa yanayovumilia mara kumi na kuna yanayopasuka mara ya kwanza, na vipande huruka kuelekea usoni. Tulikaa ghalani mpaka jioni tukiukagua. Yale niliyomwonyesha ndiyo haya.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Sehemu ya katikati unayoshika naiita mpini. Vipande viwili vinavyopinda, cha juu na cha chini, ni mabawa. Kamba yake ni ugwe. Mahali mshale unapolala ni kiegemeo. Podo, mfuko wa mishale, mnalijua.

Hatua ya 1: Soma maandishi

Geuza bawa la chini, upande unaokutazama wewe mvutaji. Mara nyingi utakuta namba mbili, kwa mfano 66 na 24, halafu pengine 28 pembeni. 66 ni urefu wa upinde kwa inchi. 24 ni uzito wa kuvuta kwa paundi. 28 maana yake uzito huo umepimwa ugwe ukiwa umevutwa inchi 28. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanadhani 24 ni 24 kwa kila mtu. Ukivuta pungufu unapata paundi pungufu, takriban mbili kwa kila inchi moja, na kwenye pinde nyepesi inakuwa chini kidogo ya hapo.

Kujua unavuta inchi ngapi, nyoosha mikono yote miwili pembeni, mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha nyingine, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 165 anapata sentimita 66, yaani inchi 26. Huyo inchi 66 za urefu wa upinde zinamtosha. Anayevuta 28 au 29 atafute wa 68. Mtu mzima anayeanza asizidi paundi 24, hata kama ana kifua cha kubeba magunia ya viazi. Uzito ukikuzidi unajifunza kutetemeka, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi ya miezi.

Sasa mkono. Shika mpini kama mvutaji, ugwe ukuelekee. Dirisha la mshale, yaani pale mpini ulipokatwa ili mshale upite, likiwa kushoto kwa mpini, huo ni wa mtu wa mkono wa kulia: anaushika kwa kushoto na kuvuta kwa kulia.

Aina ziko tatu kubwa. Ule mrefu wa umbo rahisi, ambao ukivishwa ugwe unakuwa tao moja tu. Rikavu, ambao ncha za mabawa zimejikunja kuelekea mbele na ugwe unalala juu ya mikunjo hiyo. Na kompaundi wenye magurudumu na nyaya. Somo hili ni la rikavu ya kufungua vipande vitatu, kwa sababu ndiyo inayotufikia zaidi. Ikiwa mpini ni wa mbao, kila bawa linashikwa na bolti ya kukaza kwa vidole. Kaza kwa vidole tu, koleo liache kwa fundi baiskeli. Ikiwa mpini ni wa chuma, mara nyingi bawa linateleza kwenye mfereji na kujinasa kwa mlio mdogo.

Hatua ya 2: Kagua mabawa

Hapa usiwe na haraka. Chukua pamba kavu, ipitishe taratibu pembeni mwa bawa, kutoka kwenye mpini hadi ncha, pande zote. Usitumie kidole kitupu, maana nyuzi za faibaglasi zikiingia kwenye ngozi huzioni na zinauma siku tatu. Pamba ikinasa, simama hapo hapo, washa tochi ukiilaza karibu na bawa ili mwanga upite juu juu.

Kwenye upinde wa yule kijana pamba ilinasa mara moja, sentimita nane hivi kutoka ncha ya juu. Chini ya tochi tukaona mstari mweupe mwembamba kama unywele, umelala kwa urefu wa bawa, pembeni kabisa. Nikapitisha ukucha. Ukucha ukaingia. Bawa limetengenezwa kwa tabaka za mbao na faibaglasi zilizogandishwa kwa gundi, na ukucha ukiingia katikati ya tabaka ujue gundi imeachia. Bawa hilo limekwisha, gundi ya dukani hairudishi. Kama mstari ni wa rangi ya juu tu, ukucha unapita bila kukwama. Huo ni mkwaruzo, endelea.

Yule kijana aliuma midomo. Lakini mpini wake ni mzima, na mabawa mapya yanapatikana.

Hatua ya 3: Kagua ugwe

Uzi mmoja ukikatika, ugwe wote unatupwa. Ukiwa umechanuka manyoya lakini haujakatika, upake nta. Sisi wa Nyanda za Juu tuna bahati: nta ya nyuki tunaipata kwa warina asali. Paka kidogo, kisha sugua kwa kipande cha ngozi mpaka usikie joto vidoleni. Joto ndilo linaloyeyusha nta ikaingia ndani ya nyuzi. Usipake pale katikati na kwenye vitanzi palipozungushiwa uzi mwingine wa kulinda.

Kama hujui ugwe wa kununua: urefu halisi wa ugwe wa rikavu ni inchi 4 pungufu ya urefu ulioandikwa kwenye bawa. Upinde wa 66 unataka ugwe wa 62. Upinde wa zamani, ambao ncha zake hazikuimarishwa, uvishe ugwe wa dakroni tu, yaani uzi wa poliesta unaonyumbuka kidogo. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka zinapiga ncha kama nyundo na kuzipasua.

Hatua ya 4: Kuvisha ugwe

Tumia kamba ya kuvishia. Hata ukiitengeneza mwenyewe, nailoni imara na vifuko viwili vya ngozi kutoka kwa fundi viatu vinatosha. Ule mtindo wa kupitisha mguu kati ya ugwe na upinde unapinda mabawa upande, na nimeona mabawa mengi yameharibika hivyo kuliko kwa kulenga shabaha.

Kitanzi kikubwa cha ugwe kinateremka kwenye bawa la juu, kidogo kinakaa kwenye mfereji wa ncha ya chini. Vifuko vya kamba ya kuvishia vinavaa ncha zote mbili. Kanyaga kamba kwa mguu, inua mpini kwa mkono mmoja, mabawa yatajikunja, kisha telezesha kitanzi cha juu mpaka kikae kwenye mfereji. Kabla ya kulegeza, tazama vitanzi vyote viwili kwa macho. Kisha legeza polepole, uso ukiwa mbali na ncha.

Sasa laza upinde kwenye migongo ya viti viwili na uutazame kutoka nyuma. Ugwe unatakiwa kugawa kila bawa nusu kwa nusu. Ukiona unakimbilia pembeni kwenye ncha, bawa limejipinda.

Hatua ya 5: Nafasi ya ugwe

Kama utasahau mengine yote, hili lishike. Nafasi ya ugwe ni umbali kutoka sehemu ya ndani kabisa ya mpini, pale kiganja kinapozama, hadi kwenye ugwe, upinde ukiwa umevishwa na umetulia. Pima kwa skwea ya seremala ikae sawa na ugwe. Kwa upinde wa 66, anzia sentimita 21 hadi 22. Kwa wa 68, 21.5 hadi 22.5.

Ikiwa ndogo, vua ugwe na uusokote zaidi kwa upande ule ule uliokwisha sokotwa. Ugwe unafupika, nafasi inaongezeka. Ongeza mizunguko mitatu au minne, visha, pima, piga mishale sita, sikiliza. Rudia. Kuna mahali utasikia upinde umenyamaza, ule mlio wa kugonga umegeuka mvumo mfupi. Hapo ndipo pake. Ukisokota mpaka ugwe unajikunja vinundu, basi ni mrefu mno kwa upinde huo.

Halafu andika. Mimi nabandika utepe wa karatasi ndani ya bawa la chini na kuandika tarehe na namba. Kila siku ya mazoezi napima kwanza. Jana 21.6, leo 21.6, tunaendelea. Ikiwa leo ni 21.0, kuna kitu: ugwe mpya unalegea (kawaida siku za mwanzo), kitanzi kimehama, au bawa limeanza kuachia. Machi mwaka juzi namba ilishuka nusu sentimita kwenye upinde ambao ugwe wake ulikuwa wa zamani na umetulia. Nikauvua na kupitisha pamba. Tabaka lilikuwa limefunguka karibu na mpini. Wiki iliyotangulia tulinyeshewa, na nilikuwa nimeukausha pembeni ya jiko la mkaa. Mpaka leo najilaumu, maana ulikuwa upinde wa watoto sita.

Hatua ya 6: Mengine machache

Weka kituo cha mshale kwenye ugwe. Simamisha skwea juu ya kiegemeo, panda milimita 10 juu ya usawa, funga uzi hapo. Mshale unakaa chini yake. Pima pia umbali kutoka mzizi wa kila bawa hadi ugwe: wa juu unaweza kuzidi wa chini kwa milimita chache, hadi 6. Ukipishana zaidi, rekebisha kwa bolti za mabawa ikiwa mpini unaruhusu.

Baada ya mazoezi, vua ugwe. Futa upinde kwa kitambaa kikavu, ulaze au uutundike. Usiuegemeze ukutani kwa ncha moja. Usiuache ndani ya gari juani, hata kama Juni hii tunavaa makoti.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko Ismani. Nimepata upinde wa mbao hauna maandishi hata moja. Nitajuaje paundi zake?*

Marahaba. Pamba na ukucha kwanza. Ukiwa mzima, tafuta mzani wa kuning'iniza, ule wanaopimia mazao. Tia alama kwenye kijiti kwa inchi unazovuta wewe, kiweke mahali pa mshale, ndoano ya mzani ishike ugwe, kisha vuta taratibu mpaka alama ifike. Soma kilo, zidisha kwa 2.2. Rudisha polepole, usiachie. Ukisikia mlio wa kukatika katika, acha.

*Kaka, mimi niko Kyela. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unafaa kusukia ugwe?*

Haufai, ndugu yangu. Nailoni inanyumbuka mno, namba ya nafasi ya ugwe haitatulia hata nusu saa. Nunua dakroni. Kwa upinde wa paundi 25 hadi 35 suka nyuzi 10, 35 hadi 45 nyuzi 12.

*Mwanangu ana miaka 11, anataka upinde wa baba yake wa paundi 30. Avute nusu?*

Hapana, mama. Akivuta nusu atajifunza nusu. Mtafutie wa paundi 10 hadi 14. Mtaangalia pia jicho lake: anyooshe mikono, atengeneze kitundu kidogo kwa viganja, akitazame kitu cha mbali kupitia hapo, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linalobaki na kile kitu ndilo linaloongoza. Likiwa la kushoto, mfikirie upinde wa mkono wa kushoto.

*Mkuu, waya wa kompaundi yangu umetoka kwenye gurudumu. Nimejaribu kuurudisha kwa bisibisi.*

Weka bisibisi chini sasa hivi. Hata hujauvuta, mabawa ya kompaundi yamebanwa muda wote, na kuyafungua salama kunahitaji mashine maalumu ya kuyakandamiza. Ufunge kitambaa, uuweke mbali na watoto, upelekwe kwa mwenye mashine hiyo.

*Mishale ya kaboni ikigonga jiwe bado inafaa?*

Ipinde kidogo karibu na sikio huku ukiizungusha. Ukisikia mchakacho, ivunje vipande viwili ili mtu mwingine asiiokote.

*Mwalimu, babu yangu Njombe ameacha uta wake, una miaka mingi darini. Naruhusiwa kuuvisha ugwe?*

Mbao iliyokaa kavu miaka hiyo yote ukiipinda ghafla inakatika. Usiuvishe. Ufute vumbi, upake mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa, uutundike kwa vigingi viwili mbali na moshi wa jikoni. Kisha uupime urefu, upana wa katikati na wa ncha, uniletee vipimo na picha. Hapa Uyole kuna fundi seremala yuko tayari tujaribu kuchonga mwingine unaofanana nao.