Namna ya kufuatilia mababu waliotoka kijiji cha Uingereza

Shajara nyingi za ukoo, yaani michoro ya vizazi, huharibika siku ya kwanza. Mtu ana jina la babu wa babu yake, anafungua tovuti, anaona jina kama hilo kwenye ubatizo wa mwaka 1790, basi anashuka nalo moja kwa moja hadi kwake. Kumbe kijiji cha mashambani kilikuwa na majina ya kuhesabika: John, William, Thomas, James, Mary, Ann, Elizabeth. Ndugu watatu wakizaa, kila mmoja humpa mwanawe jina la baba yao, na parokia moja inabaki na William watatu wa ukoo mmoja waliopishana miaka michache. Anza kwako, panda kizazi kimoja kimoja, na usipande kinachofuata kabla hujawaondoa akina William wengine.

Utaratibu ulioelezwa hapa ni wa Uingereza yenyewe na Wales. Uskoti na Ireland zina utaratibu wake. Mfano tutakaorudia ni Tolpuddle, kijiji cha kaunti ya Dorset, ambako vibarua sita wa mashamba walihukumiwa mwaka 1834 kupelekwa Australia miaka 7 kwa kosa la kula kiapo cha siri walipounda chama cha wafanyakazi. Maisha yao yameandikwa sana, hivyo yanaonyesha vizuri mahali nyaraka zinapojificha.

Karatasi za nyumbani kwanza

Kabla ya kulipia chochote, kusanya vyeti, barua, Biblia ya familia, na maelezo ya nyuma ya picha. Waulize wazee majina ya kina shangazi na wajomba pia, maana jina la nadra la shangazi hufungua mlango ambao William hawezi kuufungua.

Kama babu alikuja Kenya, Uganda au Tanganyika kama mlowezi, mmisionari au ofisa wa serikali, zitazame orodha za abiria wa meli zilizoondoka Uingereza kati ya 1890 na 1960. Asili zake ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London, na picha zake zipo kwenye tovuti za kulipia. Zile za kuanzia miaka ya 1920 mara nyingi zina umri, kazi na anwani ya mwisho ya abiria. Anwani hiyo inaweza kuwa nyumba ya wazazi wake.

Vyeti vya serikali

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya Ofisi Kuu ya Usajili hutafutwa bure mtandaoni ukishajiandikisha, na ndiyo bora kuliko nakala zake zilizoko kwingine, kwa sababu inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837. Faharasa ya zamani ilianza kulionyesha mwaka 1911 tu. Ukijua mama alikuwa nani kwao, unaweza kuwakusanya watoto wote wa ndoa moja hata kama jina la baba ni la kawaida kabisa.

Mambo matatu huwachanganya watu. Kwanza, faharasa imepangwa kwa robo mwaka ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa, na wazazi walikuwa na siku 42. Mtoto wa mwishoni mwa Novemba anaweza kuwa kwenye robo ya Januari hadi Machi ya mwaka unaofuata. Pili, jina linaloonekana ni la wilaya ya usajili, na hiyo kwa kawaida ni mji, si kijiji. Namba ya juzuu husaidia: kuanzia 1852, juzuu 5a ni Dorset na Wiltshire. Tatu, hadi sheria ilipokazwa mwaka 1875 wapo wazazi ambao hawakusajili mtoto kabisa. Ukimkosa, nenda kwenye ubatizo.

Cheti cha ndoa ndicho chenye thamani kuliko vyote kwa sababu kinataja baba wa bwana na wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Kisome kwa tahadhari. Maneno “full age” yana maana ya miaka 21 au zaidi, basi. Baba aliyefariki hakuandikwa sikuzote kuwa amefariki, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa wakati mwingine alimtaja babu yake, au alibuni baba, ili asiaibike mbele ya kasisi.

Sensa, na mtego wa 1841

Sensa zenye majina zinaanzia 1841, kisha kila miaka kumi hadi ya 1921, ambayo ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa na rejista ya taifa ya tarehe 29 Septemba 1939.

Ya 1841 ndiyo inayopotosha. Umri wa mtu aliyezidi miaka 15 ulishushwa hadi kigawe cha tano kilicho chini yake, kwa hiyo mwenye 34 ameandikwa 30. Haionyeshi nani ni mke, mtoto au mpangaji. Kwa mzaliwa wa Uingereza au Wales, mahali pa kuzaliwa ni jibu la ndiyo au hapana tu: je, amezaliwa kaunti hii? Watu wa Tolpuddle wanaonyesha hasara yake. Baada ya msamaha wa 1836, watano kati ya wale sita hawakurudi kukaa kijijini. Walipewa mashamba Essex, kisha miaka ya 1840 wakahamia Kanada. Mwaka 1841 sensa ingewakuta Essex ikiandika kuwa hawakuzaliwa huko, bila kutaja Dorset, na sensa ya 1851 iliwakosa kabisa. Uzi unapatikana kwingine: James Brine, mmoja wao, alimwoa Elizabeth Standfield huko Greensted, Essex, mwaka 1839, na cheti cha ndoa cha wakati huo kina nafasi ya majina ya baba zao.

Kuanzia 1851 mambo ni mazuri. Kila mstari una uhusiano na mkuu wa kaya, umri, kazi, na parokia ya kuzaliwa. Kibarua wa shamba ameandikwa “Ag Lab”, kifupi cha “agricultural labourer”. Utaliona hadi ulichoke. Angalia neno “son-in-law” kwa mvulana wa miaka minane: huyo ni mtoto wa kambo. Mjane akiolewa tena, watoto wake wa kwanza huenda wakaandikwa kwa jina la baba wa kambo, nawe ukafuata ukoo usio wako kwa vizazi vitatu. Soma pia kurasa mbili za kabla na mbili za baada. Ndugu walikaa nyumba za jirani.

Mtu mzima hutaja mahali pa kuzaliwa tofauti katika kila sensa. Huenda 1851 akasema Tolpuddle, 1861 akasema Affpuddle, 1871 akataja Puddletown. Hakudanganya, vijiji hivyo vimepakana. Chora duara la maili kumi kuzunguka kijiji na uorodheshe kila parokia iliyomo. Ndoa nyingi za mashambani zilifungwa ndani ya duara hilo, na desturi ilikuwa kuoana parokia ya bibi harusi.

Daftari za parokia

Kabla ya 1837 unategemea Kanisa la Uingereza. Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliagiza mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Zilizosalia tangu mwaka huo ni chache. Agizo la 1598 lilitaka daftari zinakiliwe upya kwenye ngozi na nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo za askofu zitumie daftari la parokia likiwa limeoza, na hata likiwa zima, maana huenda moja ina jina ambalo jingine limeliruka.

Usimwandikie kasisi wa sasa kwanza. Kwa kanuni iliyoanza kutumika 1979, daftari za zamani kwa kawaida hukabidhiwa hifadhi ya nyaraka ya eneo; za Tolpuddle zitafute Dorset History Centre, mjini Dorchester. Tovuti za FamilySearch na FreeREG ni bure. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, ingawa maktaba nyingi za Uingereza hukuruhusu kuzitumia bila malipo ukiwa ndani. Kila mara fungua picha ya ukurasa wenyewe. Aliyeinakili faharasa huenda alisoma Standfield kuwa Hanfield, na maelezo ya pembeni kama “base born”, yaani mtoto wa nje ya ndoa, mara nyingi huachwa.

Yaliyomo hutegemea mwaka. Tangu 1813 ubatizo uko kwenye fomu iliyochapwa: majina ya wazazi wote wawili, makazi, kazi ya baba, maziko yana umri. Ndoa zilipata fomu yake tangu tarehe 25 Machi 1754, na hapo utaona sahihi au alama ya msalaba, na mashahidi wawili. Waangalie mashahidi vizuri. Jina likijirudia kwenye kila ndoa ya kijiji, huyo ni mhudumu wa kanisa. Likitokea mara moja, huenda ni ndugu. Ubatizo wa kabla ya 1813 unaweza kuwa mstari mmoja tu: “John mwana wa William, amebatizwa”, bila mama.

Mwaka ulianza tarehe 25 Machi hadi 1751. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Juni 1723 na kuzikwa Februari 1723 hana kosa lolote: Februari hiyo ilikuja baada ya Juni. Iandike 1723/4. Kabla ya 1733 lugha inaweza kuwa Kilatini, ambamo Gulielmus ni William na Jacobus ni James. Katika mwandiko wa karne ya 16 na 17 herufi e hugeuka kinyume, mkia wa h hushuka chini ya mstari, na s ndefu hufanana na f. Njia ya kuuzoea ni kusoma kwanza majina unayoyajua, kisha kunakili alfabeti ya karani huyohuyo pembeni.

Ubatizo si kuzaliwa. Watoto wanne waliobatizwa siku moja si lazima wawe mapacha. Kasisi mpya alipofika, kazi zilizolala zilimalizwa. Na ukishapata ubatizo unaofaa, tafuta maziko. Mtoto aliyezikwa akiwa na miezi sita hawezi kuwa babu yako, lakini shajara za mtandaoni zimejaa watoto wa aina hiyo walioozeshwa. Maneno “senior” na “junior” nayo yalimaanisha mkubwa na mdogo kijijini. Huenda ni mtu na mpwa wake.

Familia ikitoweka kanisani huku ikiendelea kulipa kodi, huenda walikuwa Wamethodisti, Wabaptisti au Wakweka. Daftari za makanisa hayo zilizokusanywa na serikali ziko Kew. George Loveless, kiongozi wa wale sita, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Hata hivyo, kati ya 1754 na 1837 ndoa halali ilifungwa kanisani kwa Waanglikana, isipokuwa kwa Wakweka na Wayahudi. Kwa hiyo ndoa itafute huko.

Karatasi za maskini

Hapa ndipo kibarua anapozungumza. Chini ya sheria ya 1662 kila parokia ililisha maskini wake tu, hivyo mgeni aliyeomba msaada alihojiwa mbele ya mahakimu: alizaliwa wapi, aliajiriwa shamba gani, kwa muda gani. Mseja aliyeajiriwa mwaka mzima alipata haki ya ukazi katika parokia hiyo. Mahojiano ya ukurasa mmoja yanaweza kukupa vijiji vitatu ambavyo hakuna daftari la ubatizo lingekuonyesha. Tafuta pia amri za kuhamishwa na hati za kumlazimisha baba amtunze mtoto wa nje ya ndoa. Hizi za mwisho mara nyingi ndizo pekee zinazomtaja huyo baba.

Baada ya 1834 parokia ziliunganishwa na maskini wakapelekwa nyumba ya maskini ya mjini. James Hammett, pekee kati ya wale sita aliyerudi kukaa Tolpuddle, alifia nyumba ya maskini ya Dorchester mwaka 1891 na akazikwa kijijini. Ukikosa kifo cha kibarua mzee, tazama mji wenye nyumba hiyo.

Ardhi na wosia

Ramani za zaka, zilizotokana na sheria ya 1836, zina orodha ya mwenye ardhi, mtumiaji, jina la shamba na ukubwa wake. Ziweke kando ya sensa ya 1841 upate nyumba yenyewe. Wosia wa kabla ya tarehe 12 Januari 1858 ulithibitishwa katika mahakama za kanisa. Dorset ilikuwa chini ya askofu wa Bristol kuanzia 1542 hadi 1836, na wosia nyingi za huko ziliungua katika moto wa Blandford mwaka 1731. Usidhani matajiri tu ndio walioacha wosia: fundi wa magurudumu au mjane mwenye ng'ombe wawili aliweza kuuacha, na hutaja wajukuu kwa majina.

Weka daftari la utafutaji: parokia, miaka uliyoisoma, tahajia ulizojaribu, na matokeo hata kama ni sifuri. Ukisafiri, weka miadi mapema na uombe namba za nyaraka kabla. Beba kitambulisho chenye anwani na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi chumba cha kusomea.