Kujenga iglu kwa njia ya Wainuiti wa Nunavut, kaskazini mwa Kanada

Kabla ya kushika kisu, tafuta theluji. Hapo ndipo iglu nyingi, yaani nyumba za theluji, huharibikia. Wainuiti, wenyeji asilia wa Aktiki ya kati nchini Kanada, ambao wengi wao waliishi kwenye nyumba za theluji majira yote ya baridi hadi walipohamia vijijini katika miaka ya 1950 na 1960, hupima kwa fimbo ndefu nyembamba. Ichome wima. Ikizama kwa ugumu ule ule hadi nusu mita, theluji hiyo ililetwa na dhoruba moja, nayo inafaa. Ikikwama kisha ikateleza ghafla, kuna matabaka, na tofali litapasuka kwenye mshono huo. Theluji nzuri imeshindiliwa na upepo kiasi kwamba ukiikanyaga unaacha alama tu. Iliyoanguka karibuni humomonyoka mkononi. Iliyogeuka barafu haihifadhi joto, kwa kuwa hewa iliyokuwa ndani yake imetoka.

Kwa watu watatu, chora duara la kipenyo cha mita 2.5. Kata matofali ndani ya duara hilo hilo kwa kisu kirefu kiitwacho pana, au kwa msumeno wa mbao: urefu sentimita 60 hadi 75, kimo 40 hadi 45, unene 15 hadi 20. Kukata ndani kunashusha sakafu huku ukuta ukipanda, hivyo kazi inapungua. Usikate upande wote wa nyuma; acha karibu nusu ya duara kuwa kibaraza cha kulalia.

Panga safu ya kwanza ikiegemea ndani kidogo. Kisha chonga mteremko juu ya matofali matatu au manne ya mwanzo, kuanzia karibu na ardhi hadi kimo kamili, na uanzie hapo kujenga kwa kuzunguka mfululizo. Kila tofali jipya litashikwa chini na ubavuni. Ukijenga safu zilizotengana, tofali la kwanza la kila safu halina cha kuliegemea, litaanguka ndani.

Chimbua kidogo katikati ya upande wa chini wa tofali ili likae kwenye pembe zake mbili, na pembe ya juu iguse tofali jirani. Likigusa katikati, litayumba. Ligonge taratibu kwa kiganja na usilisogeze tena. Baada ya muda mfupi huwa limegandamana na wenzake.

Ongeza mwinamo kila mzunguko. Kosa la kawaida ni kuogopa kuinamisha mapema: ukuta unakuwa mnara, na tundu la juu halizibiki. Lakini paa bapa nalo hubonyea, kwa hiyo kuba iwe imechongoka kidogo kama ncha ya yai. Tofali la kufungia likatwe kubwa kuliko tundu. Ukiwa ndani, lipitishe kwa ubavu, lilaze juu, kisha lichonge kutoka chini hadi likae kama kabari. Mwenzako aliye nje azibe nyufa zote kwa theluji laini.

Njia ya kuingilia ichimbwe ubavuni mwa upepo. Ikielekea upepo, baridi inaingia. Ikiwa upande uliokingwa, theluji inaizika. Sakafu ya kibaraza lazima iwe juu kuliko kilele cha mlango, maana hewa baridi hushuka na kutuama shimoni, na yenye joto hubaki mlipo. Tandika ngozi mbili za kulungu wa Aktiki: ya chini manyoya yaelekee theluji, ya juu yaelekee mwili.

Toboa tundu la ngumi karibu na kilele kabla ya kuwasha chochote. Hili si la hiari. Taa ya jiwe, qulliq, huwaka kwa mafuta ya sili na utambi wa nyuzi za mimea mikavu ya Aktiki. Mwali ukitoa moshi, punguza utambi. Jiko la gesi au la mafuta ya taa ndani ya iglu iliyozibwa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Mwali ukififia, panua tundu papo hapo. Usiku wa dhoruba lizibue mara kwa mara, na kisu kilale ndani pamoja nanyi.

Mara ya kwanza, pasha moto mpaka ukuta uanze kulowa, kisha fungua mlango ugande. Ngozi hiyo nyembamba ya barafu huikaza kuba. Panapodondoka maji pana kinundu: kichonge, maji yateremke na ukuta. Nje kukiwa nyuzi 40 chini ya sifuri, ndani mtakaa karibu na sifuri au juu yake kidogo. Kwa makazi ya muda mrefu, familia zilitundika ngozi ndani na kuacha nafasi ya hewa kati yake na theluji; chumba kikapata joto zaidi bila ukuta kuyeyuka.